Damu Isisomwe Bila Saa: Mazoezi na Viashiria vya Inflamesheni kwa Mwanariadha



1. Utangulizi

Mwanariadha akipimwa damu siku moja baada ya mbio ndefu, majibu yanaweza kurudi yamepanda karibu kila mstari. Daktari asiyejua mwanariadha huyo katoka wapi ataona mgonjwa na kumwandikia antibiotiki zisizohitajika. Mwanariadha mwingine anaumwa kweli, lakini kocha anasema ni uchovu wa mazoezi, anaendelea kumkimbiza. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: kipimo kimesomwa bila kuuliza mwili ulifanya nini jana na juzi. Hoja ya mada hii ni kwamba saa ya kutoa damu ni sehemu ya majibu.

2. Viashiria vyenyewe

Inflamesheni ni namna mwili unavyojihami. Sehemu iliyoumia au kuvamiwa na vijidudu huvimba, hupata joto na kuuma, na chembechembe nyeupe za damu hukimbilia huko. Kemikali zinazoendesha kazi hiyo hupimika kwenye damu. Leo tutaangalia tatu: interlukini-6 (IL-6), TNF-alfa na CRP. CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Kati ya hizo tatu, CRP ndiyo inayopimwa zaidi hospitalini.

3. Saa kwa saa baada ya mbio

Tumfuate mkimbiaji anayemaliza kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Akitolewa damu papo hapo, chembechembe nyeupe zimeongezeka na IL-6 iko juu mno. Baada ya marathoni inaweza kufikia mara 100 ya kiwango cha kawaida. CRP yake bado haijasogea sana.

IL-6 hiyo inatoka wapi? Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen walionesha kwamba sehemu kubwa humwagwa na misuli yenyewe inapofanya kazi, na zaidi akiba yake ya glikojeni inapopungua. Ni ujumbe kwa ini litoe sukari, na kwa mafuta yayeyushwe yawe nishati. Nyuma yake hufuata IL-10 na vizuizi vingine vinavyotuliza inflamesheni. TNF-alfa, ambayo hutangulia mwili unapovamiwa na bakteria, hupanda kidogo tu.

Mwaka 2003 watafiti wa Copenhagen walichapisha jaribio lililoweka jambo hili wazi. Watu wenye afya walidungwa dozi ndogo ya sumu ya bakteria. Waliokuwa wamepumzika, TNF-alfa yao ilipanda; walioendesha baiskeli kwa saa tatu, haikupanda.

Sasa mkimbiaji wetu amelala, kumekucha. IL-6 imekwisha kushuka sana, lakini CRP ndiyo kwanza iko kileleni na inaweza kupita miligramu 10 kwa lita. Misuli ya mapaja inauma, hasa kama alikimbia sana mteremko. Siku zinazofuata CRP hushuka. Isiposhuka, au ikiambatana na homa, mtafutieni ugonjwa.

4. Faida ya muda mrefu

Mazoezi ya miezi na miaka huelekea kushusha CRP ya siku ya mapumziko, hasa yanapopunguza mafuta ya tumbo, ambayo nayo huchochea inflamesheni. Kwa hatari ya ugonjwa wa moyo, CRP ya chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, na zaidi ya 3 kubwa. Viwango hivyo vina maana kwa mtu aliyepumzika na asiye na maambukizi.

5. Yanayovuruga majibu

Kwetu malaria ni ya kwanza: hupandisha CRP kuliko mbio nyingi. Jino bovu au kidonda cha mguu nacho huipandisha. Ipo pia tabia ya kumeza ibuprofeni kabla ya mbio. David Nieman na wenzake waliwachunguza wakimbiaji wa Western States huko California, mbio za kilomita 160. Waliotumia ibuprofeni hawakupungukiwa maumivu ya misuli, na viashiria vyao vya inflamesheni vilikuwa juu zaidi. Kwa mkimbiaji aliyepungukiwa maji, dawa hiyo ni hatari pia kwa figo.

6. Mapendekezo

(a) Kila mwanariadha apimwe CRP akiwa mzima na amepumzika angalau siku mbili, ili awe na kiwango chake cha kulinganishia.
(b) Fomu ya maabara iandikwe saa ya kutoa damu, zoezi la mwisho, urefu wake na dawa alizotumia.
(c) Penye homa, kipimo cha malaria kitangulie.
(d) Dawa za maumivu zisimezwe kama kinga ya uchovu.
(e) Mazoezi mazito yapangiwe siku za kupumzika, na katika mbio ndefu mwanariadha apate wanga, kwa kuwa husaidia kupunguza kupanda kwa IL-6.

7. Hitimisho

Kupanda kwa viashiria baada ya mazoezi ni kazi ya mwili wenye afya, mradi vishuke. Pendekezo la (b) halihitaji fedha wala mashine mpya. Naomba semina hii ilipitishe, na kila timu ianze nalo katika upimaji wake ujao.