Nani Apumue Utumboni? Vimeng'enya vya Kinga, Oksijeni na Hatima ya Uvimbe



Mwanafunzi wa tiba akiulizwa vimeng'enya vya kinga ya mwili vina kazi gani, hujibu kwamba vinaua vijidudu. Jibu hilo si kosa, ila limeacha nusu ya habari. Hoja yangu jioni hii ni kwamba ndani ya utumbo vimeng'enya hivyo vina kazi nyingine isiyo ndogo kuliko kuua: vinagawa oksijeni. Huamua iishe wapi, ibaki wapi, na bakteria yupi apate kitu cha kupumulia. Mgao huo una sehemu kubwa katika kuamua kama uvimbe ulioletwa na maambukizi utatulia baada ya siku chache au utaota mizizi. Kwa uvimbe nakusudia ile hali ya utando wa utumbo kujaa damu, majimaji na chembe nyeupe, ambayo mgonjwa huijua kwa msokoto wa tumbo, homa na kuhara, pengine kuhara damu.

Tuanze na utumbo wenye afya. Hewa tunayovuta ina oksijeni ipatayo asilimia 21. Katikati ya utumbo mpana haifiki asilimia 1, ingawa mishipa ya damu iko hapo hapo nyuma ya utando. Uhaba huo haukuja kwa bahati mbaya. Seli za utando hujilisha butireti, asidi inayotengenezwa na bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi za dona, maharage na mboga. Kuichoma butireti hula oksijeni nyingi, kiasi kwamba inayovuja hadi ndani ya utumbo ni kidogo mno. Hapo bakteria wasioivumilia oksijeni hustawi na kuzalisha butireti zaidi, huku wapumuaji wa jamii ya Salmonella na E. koli wakibaki wachache. Seli hizo pia zina kipimo chao cha oksijeni, yaani vimeng'enya vinavyoitwa haidroksilesi za prolini. Oksijeni ikiwa ya kutosha, vimeng'enya hivi huitia alama protini ya HIF ili ivunjwe. Ikipungua, alama haitiwi. HIF husalia, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa, zikiwemo zinazoimarisha kamasi na kubana maungio kati ya seli na seli. Kwa kuueleza mfumo huu wa kuhisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019.

Maambukizi yakiingia, neutrofili, ambazo ni aina ya chembe nyeupe, hutoka kwenye damu kwa wingi na kupenya utando. Kila moja hubeba kimeng'enya cha oksidesi ya NADPH, ambacho huinyakua oksijeni na kuigeuza sumu. Sumu hiyo huwa haidrojeni peroksaidi. Kisha kimeng'enya cha pili, mieloperoksidesi, huiunganisha na kloridi na kutoa asidi ya haipoklorasi, ambayo ni jamaa wa karibu wa dawa iliyomo kwenye chupa ya jiki. Mieloperoksidesi ina rangi ya kijani, na ndiyo inayoufanya usaha uwe na ukijani. Vitabu vingi huishia hapo: sumu imetengenezwa, kijidudu kimekufa. Lakini mlolongo wote huo umeanza kwa kumeza oksijeni, na kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2014 kundi la Sean Colgan katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, lilionyesha kwamba neutrofili zinazopenya utando huimaliza oksijeni iliyo jirani, hata HIF ikawaka katika seli za utando wenyewe. Panya wasio na oksidesi hiyo walipata chembe nyeupe nyingi zaidi utumboni na uvimbe mkali zaidi, lakini uhaba wa oksijeni ulikuwa mdogo. Walipopewa dawa ya kuidumisha HIF, walikingwa na madhara makali. Kwa hiyo kimeng'enya kile kile kinachowasha vita ndicho kinachotoa amri ya kuikarabati nyumba.

Upo upande wa pili wa mgao huu. Bakteria wa utumboni hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza, na utando huipunguza ukali kwa kuigeuza thayosalfeti. Neutrofili zinapomwaga sumu zao, thayosalfeti hugeuka tetrathayoneti, na Salmonella anao uwezo wa kuipumua badala ya oksijeni. Kundi la Andreas Bäumler wa Chuo Kikuu cha California, Davis, liliieleza njia hii mwaka 2010. Maabara zilikuwa zikiutumia uwezo huo muda mrefu bila kujua maana yake kwa mgonjwa, kwani mchuzi wa tetrathayoneti umetumika kumkuzia Salmonella kutoka kwenye kinyesi tangu 1923. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba nitriki oksaidi inayotengenezwa na kimeng'enya kingine cha kinga huishia kuwa nitrati, na E. koli huipumua nitrati hiyo katika utumbo uliovimba.

Hapa msikilizaji makini atauliza: ikiwa vimeng'enya hivi vinamlisha adui, kwa nini tusivizime? Swali hilo limekwisha kujibiwa na maumbile. Wapo watu wanaozaliwa bila oksidesi ya NADPH inayofanya kazi. Hali yao huitwa ugonjwa sugu wa granuloma. Kama silaha ndiyo chanzo cha madhara, matumbo yao yangekuwa tulivu. Badala yake theluthi moja au zaidi hupata uvimbe wa utumbo unaofanana na ugonjwa wa Crohn, na Salmonella ni miongoni mwa vijidudu vinavyowashambulia hadi kwenye damu. Malaria nayo inatufundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Chembe nyekundu zinapopasuka, mwili huwasha kimeng'enya cha oksijenesi ya hemu ili kujikinga na sumu ya hemu, rangi nyekundu inayomwagika kutoka kwenye chembe hizo. Tafiti za mwaka 2012, zilizofanywa kwa panya na kwa watoto wa Gambia, zilionyesha kwamba kujikinga huko huambatana na neutrofili zisizoweza kutoa sumu ipasavyo, na katika panya Salmonella alipata nafasi ya kusambaa. Hapa Afrika Mashariki, watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2011 kwamba watoto waliobeba jeni moja ya selimundu, ambayo hukinga dhidi ya malaria, walipata pia nafuu kubwa dhidi ya bakteria kwenye damu, na kwamba nafuu hiyo ilififia kadiri malaria ilivyopungua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: panya si mtu, na panya wa maabara hana minyoo, hana utapiamlo, hajanywa maji ya kisima kisichofunikwa. Nakubali kwamba ramani ya molekuli imechorwa zaidi kwa panya. Lakini mieloperoksidesi imepimwa katika vinyesi vya watoto wa nchi nane, wakiwemo wa Haydom mkoani Manyara, katika mradi wa MAL-ED. Ikiunganishwa na viashiria vingine viwili vya utumbo usio na afya, ilibashiri kimo: watoto wenye alama za juu kabisa waliongezeka urefu kwa sentimita ipatayo 1 pungufu katika miezi sita iliyofuata, wakilinganishwa na wenye alama za chini kabisa. Vipimo hivyo havithibitishi chanzo, lakini vinatosha kutuzuia tusiseme kwamba suala hili ni la panya peke yao.

Je, basi tuwape wagonjwa dawa za kuidumisha HIF? Dawa za aina hiyo zipo. Roxadustat hutumika kutibu upungufu wa damu kwa wenye maradhi ya figo. Lakini HIF si protini moja. Katika panya, HIF-1 huulinda utando, ilhali HIF-2 ikiwaka kwa muda mrefu huuchochea uvimbe. Kipimo cha dawa bila kujua muda na mahali ni kubahatisha.

Lililo wazi zaidi ni la kila siku. Katika panya, antibaiotiki iliyowaua watengenezaji wa butireti iliifanya oksijeni ivuje utumboni, na Salmonella akaneemeka. Hiyo ni sababu ya ziada ya kuheshimu mwongozo tulio nao: mtoto mwenye kuhara kwa kawaida apewe maji ya chumvichumvi na zinki, na antibaiotiki isubiri dalili kama kuhara damu. Kwa watafiti, hoja hii inadai tubadili vipimo. Kuhesabu vijidudu vilivyokufa na chembe nyeupe zilizofika hakutoshi; tupime pia oksijeni iliyosalia, na tujue imekwenda kwa nani. Tiba itakayozima kimeng'enya cha kinga bila kujibu swali hilo inaweza kupunguza uvimbe leo na kumwachia mgonjwa utumbo usioweza kujikarabati.