Likizo Ndefu na Miili ya Watoto: Kambi za Mchana kwa Familia za Kipato cha Chini Nchini Marekani



Mwezi wa tano wa mwaka mmoja nilikuwa nafanya ukalimani katika kliniki ya watoto hapa Kentucky. Daktari alimpa mama mmoja, mzaliwa wa Fizi huko Kivu Kusini, karatasi ya kambi ya mchana ya majira ya joto. Ilikuwa bure, kwa ajili ya mwanawe wa miaka 8. Nikatafsiri kama ilivyoandikwa. Mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi. "Dada, miye nimekaa kambini miaka 17. Huyu mtoto nimemzalia Nyarugusu. Sasa wanataka arudi kambini?"

Neno nililotumia lilikuwa sahihi kwenye kamusi, ila halikuwa sahihi masikioni mwake. Kwa watu waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, kambi ni hema, kadi ya mgao na foleni ya maji. Kwa Mmarekani, kambi ya mchana ni mahali mtoto anapopelekwa asubuhi, akacheza, akaogelea, akala, na jioni akarudi kwao. Karatasi ile ilibaki mezani. Mtoto alikaa ndani likizo nzima, na shule zilipofunguliwa mizani ilionyesha jinsi uzito wake ulivyopanda.

Kwa takwimu za CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuanzia 2017 hadi mwanzoni mwa 2020 asilimia 19.7 ya watoto wa miaka 2 hadi 19 walikuwa na unene uliokithiri. Hao ni watoto wapatao milioni 14.7. Ukiwagawa kwa kipato, katika familia za kipato cha chini kabisa walikuwa asilimia 25.8, na katika zile za kipato cha juu asilimia 11.5. Kinachopimwa ni uwiano wa uzito na urefu: mtoto huingia katika kundi hilo akiwapita watoto 95 kati ya 100 wa umri na jinsia yake kwenye chati ya rejea.

Lawama tumezoea kuitupia shule, kwa pizza yake na maziwa yake ya chokoleti. Ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka 2016 Paul von Hippel na Joseph Workman walichapisha utafiti uliofuatilia watoto zaidi ya 18,000 tangu walipoanza chekechea mwaka 2010 hadi walipomaliza darasa la pili mwaka 2013. Waliokuwa na unene uliokithiri walipanda kutoka asilimia 8.9 hadi 11.5, na ongezeko lote lilitokea katika likizo mbili za majira ya joto. Katika miezi ya masomo hapakuwa na ongezeko. Utafiti mwingine wa von Hippel na wenzake, wa mwaka 2007, ulikuwa umeonyesha mwelekeo huohuo, ukiwa mkali zaidi kwa watoto weusi, kwa watoto wa asili ya Amerika ya Kilatini na kwa wale ambao tayari walikuwa wazito.

Sisemi likizo ndiyo chanzo pekee. Nasema ni mlango uliobaki wazi wakati sote tunalinda dirisha.

Mwaka 2017 watafiti Keith Brazendale, Michael Beets na wenzao walitoa maelezo ambayo mimi nayaona kila wiki kazini: siku yenye mpangilio humlinda mtoto. Siku ya shule mtoto huamshwa alfajiri, hula kwa saa, hukimbia uwanjani wakati wa mapumziko, hana friji ya kufungua na kufunga, na usiku hulala kwa sababu kesho kuna basi. Ondoa shule kwa wiki kumi. Baba anafanya shifti ya usiku ghalani, kwa hiyo mchana amelala na nyumba inatakiwa iwe kimya. Mama anasafisha vyumba hotelini. Binti wa miaka 12 anawaangalia wadogo zake, mlango umefungwa kwa ufunguo, na wameonywa wasitoke, maana jirani akiona watoto peke yao nje anaweza kupiga simu kwa watu wa ustawi wa watoto. Simu inachezwa hadi saa nane za usiku. Wanaamka jua likiwa utosini. Ni krispu, soda, tambi za dakika tatu, halafu krispu tena. Hapo hakuna mtoto mlafi wala mama mzembe. Kuna siku isiyokuwa na mpini wa kuishikia.

Wazazi wengine huniambia: kwetu hapakuwa na kambi hizi, na hatukunenepa. Ni kweli. Lakini kwetu mtaa wenyewe ulikuwa kambi. Palikuwa na bibi barazani, ndoo ya maji ya kuchota, mpira wa matambara, na mtu mzima yeyote aliyeweza kukuita ule na wanawe au kukukaripia ukapona. Ulinzi ule hatukuulipia, ndiyo maana hatukuuona. Katika ghorofa la Louisville au Des Moines haupo, na lazima mtu aujenge.

Lipo jambo jingine tunalopaswa kulisema kwa upole. Katika Kiswahili chetu, tukisema mtoto "ana afya", mara nyingi tunamaanisha amenenepa. Mama aliyewahi kugawa mgao wa unga uliopunguzwa kati ya watoto watano anapoona mashavu ya mwanawe yamejaa, anaona ushindi, na ana haki ya kuuona. Mhudumu wa afya anayeingia hapo na neno "unene" kwanza amekwisha kufunga mazungumzo. Mimi huanza na usingizi: mtoto analala saa ngapi, anaamka saa ngapi? Kwenye usingizi hakuna aibu, na mengine hufuata yenyewe.

Sasa fedha. Chakula cha mchana shuleni kina sheria tangu 1946. Mpango wa serikali kuu wa chakula cha majira ya joto una mizizi ya mwaka 1968, na katika maeneo ya kipato cha chini mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini hula kwenye kituo cha wazi bila kuulizwa karatasi. Lakini kwa kawaida lazima ale palepale, na mtoto aliyefungiwa ndani hafiki palepale. Tangu 2024 yapo pia malipo ya SUN Bucks, dola 120 kwa kila mtoto kwa likizo nzima, katika majimbo yaliyojiunga. Ni msaada wa kweli. Hata hivyo dola hizo hazimtoi mtoto chumbani. Punguzo la kodi kwa gharama za malezi hukubali ada ya kambi ya mchana, ila hupunguza kodi unayodaiwa tu. Familia isiyodaiwa kodi ya mapato haipati kitu. Yaani mwenye uwezo wa kulipia kambi husaidiwa kuilipia, na asiye na uwezo huachwa. Hili silikubali, na naomba nanyi msilikubali.

Kwamba kambi ya bure inawezekana, New York wameonyesha. Mwaka 2021 jiji hilo lilianzisha Summer Rising, masomo na michezo bila malipo pamoja na chakula, na mwaka uliofuata nafasi zilikuwa 110,000.

Kambi yenyewe nayo ikaguliwe. Nimeona mahali ambapo watoto 20 wanasimama kwenye foleni wakisubiri kupiga mpira mmoja mmoja, na wengine wakikimbizwa kuzunguka uwanja kama adhabu. Mnaukumbuka mchezo wa rede: ukipigwa na mpira, unatoka. Mtoto mzito ndiye hutoka wa kwanza, akakaa pembeni akitazama, naye ndiye aliyehitaji kubaki. Ubadilishwe kidogo tu: aliyepigwa aruke mara kumi kisha arudi ndani. Maji yawe kinywaji cha siku, soda isiingie getini. Na kambi isimpime mtoto uzito mbele ya wenzake, hata siku moja.

Ninachowaomba ni kazi ya miezi ya baridi. Kambi nyingi za bei nafuu hujaa kabla majira ya joto hayajafika, kwa fomu za Kiingereza zinazojazwa mtandaoni wakati nje kuna theluji na hakuna mama anayewaza likizo. Kila kanisa, msikiti na chama cha jamii kiteue mtu mmoja wa kukaa na wazazi na fomu hizo mwezi wa pili, akiulizia mambo mawili kabla ya yote: basi linapita wapi, na saa za kufunga zinalingana na shifti ya nani. Aulizie pia mfuko wa malezi wa CCDF, ambao unaweza kulipia kambi iliyokubaliwa na jimbo kwa mtoto wa chini ya miaka 13 ambaye wazazi wake wako kazini. Na kwenye tangazo la Kiswahili tusiandike "kambi". Yule mama wa Fizi, nilipomweleza upya mwaka uliofuata, aliniuliza, "Kumbe ni michezo ya likizo?" Mtoto akaandikishwa siku ileile.