HESABU MOJA YA SAMAKI WA ZIWA
(Maneno tuliyowaambia wachuuzi na wapakizi wa samaki, Ntimaru)



Sisi wa Ntimaru hatuna ufukwe, lakini samaki twala na twauza. Omena watufikia kutoka Muhuru na Sori. Upande wa pili wa mpaka, huko Musoma, omena huitwa dagaa. Uganda ni mukene. Na mbuta wetu kwa Watanzania ni sangara. Basi karani wa kila nchi akiandika kwa jina lake na kwa kipimo chake, nani atajumlisha?

Nchi zetu zililiona jambo hili. Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mjini Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja. Mwaka 2000 zilianza kuhesabu pamoja mashua, wavuvi na nyavu, na mwaka 2005 zikashika utaratibu mmoja wa kupima samaki wanaoshushwa.

Tazameni kazi yenyewe. Karani hawezi kupima kila mashua. Hupima chache, katika fukwe zilizochaguliwa, kisha wastani wake huzidishwa kwa hesabu ya mashua zote. Kwa hiyo kosa la ndoo moja halibaki ndoo moja. Na ndoo zenyewe hazilingani. (Zile zilizobonyezwa chini mwazijua!) Tena omena akianikwa hupoteza uzito mwingi, asiyeandika kama ni mbichi au mkavu ameandika bure. Samaki naye huandikwa pale aliposhushwa. Akiandikwa ufukweni Tanzania, kisha akaandikwa tena huku kama wa Kenya, mmoja amekuwa wawili.

Kwa hesabu hizo serikali hupima mambo ya nyavu, na miezi ambayo uvuvi wa omena husimama. Uvuvi ukisimama, mikokoteni yetu nayo husimama, na ada ya shule haingoji. Wako wanaosema karani ni mtu wa ushuru tu, wakampa hesabu pungufu. Hao watuharibia sote.

Wajumbe wetu watakapokwenda Muhuru, waiambie kamati ya ufukwe kwamba twataka mizani ya kilo mahali pa ndoo, na kila gunia lije na karatasi: ufukwe gani, siku gani, mbichi au mkavu. Gunia lisilo na karatasi wapakizi wasilipandishe garini.