Kula Kwanza, Kisha Ushike Jembe



Tunapozungumza juu ya kisukari, mara nyingi tunahimizana kupunguza vitu vitamu na kuushughulisha mwili. Hayo ni mema. Lakini leo tunapenda kusema na wale wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, pamoja na jamaa zao, juu ya hatari nyingine: sukari kushuka mno. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo.

Wengi wetu mazoezi yetu ni kulima, kuteka maji na kupanda mlima na mzigo wa kuni. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu. Kwa mtu asiye na kisukari, mwili hupunguza insulini wenyewe, na ini hutoa sukari ya akiba. Lakini insulini iliyokwisha kuchomwa hairudi ndani ya sindano. Mtu akichoma sindano alfajiri kisha akaenda shambani na tumbo tupu, dawa inaishusha sukari yake na jembe nalo linaishusha.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Asiposaidiwa, huanza kuyumba na kusema ovyo, na mwishoni anaweza kuzimia au kupata degedege. Ni rahisi kumdhania mlevi tukampita njiani, kumbe anahitaji vijiko vichache vya sukari.

Basi, tule kabla ya kazi. Ndizi mbivu moja, kiazi kitamu cha kuchemsha au vipande viwili vya mkate vinatosha kuanzia. Kazi ikizidi saa moja, tupumzike na kula tena kidogo. Mwenye kipimo apime kwanza: ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kabla ya kuanza, ikiwa chini ya 4, asianze kazi, ajitibu kwanza.

Kujitibu ni hivi: koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, unywe, au unywe nusu glasi ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15. Dalili zikibaki, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula. Wapo wanaoogopa wakisema sukari ni sumu kwao. Saa hiyo sukari ndiyo dawa. Ibebe shambani katika kichupa kidogo.

Aliyezimia asinyweshwe wala kulishwa kitu, maana kitampalia. Mlaze kwa ubavu na kumwahisha kituo cha afya. Na aliyetumia vidonge apelekwe hata akizinduka, kwa kuwa sukari yaweza kushuka tena. Tena, baada ya kazi nzito sukari yaweza kushuka hata usiku. Chakula cha jioni kisirukwe, na pombe iepukwe, kwa sababu huzuia ini kutoa akiba yake.

Sasa tuseme lililo gumu. Ziko nyumba ambazo asubuhi hazina kitu jikoni. Kumwambia mgonjwa wa nyumba hiyo "kula kwanza" bila kumsaidia ni maneno matupu. Tunashauri jioni atengewe kiporo chake, ugali au viazi, na watoto waelezwe kwa nini hakiguswi. Kisipokuwapo, kazi nzito ingoje mpaka chakula kipatikane. Mgonjwa asiache insulini kwa uamuzi wake mwenyewe, maana kwa wengine kuiacha huleta kifo. Aende kliniki aseme wazi: "Siku nyingine sina chakula asubuhi, na kazi yangu ni kulima." Mhudumu akijua hilo, anaweza kupanga upya kiasi cha dawa na saa zake. Asipoambiwa, atapanga kana kwamba chakula kipo kila siku.

Nasi katika vikundi, siku ya kulima shamba la pamoja, tujue ni nani kati yetu anatumia dawa hizi. Tumuulize kabla ya kugawana mistari, "Umekula?" Jibu likiwa hapana, akae kivulini ale kwanza. Mistari yake itamngoja.