Kutoka #00A3DD hadi Samawati: Kuipa Rangi Jina Ndani ya Programu



Mtu asiyeona anaponunua gauni kwenye duka la mtandaoni, kisomaji cha skrini humsomea kile tu kilichoandikwa. Kikikuta msimbo wa rangi kama #00A3DD, atasikia mfululizo wa herufi na tarakimu, asijue kama gauni hilo linafaa harusini au msibani. Kwa ajili yake nimeomba tuijadili kazi ambayo wengi huiona ndogo.

Kuusoma msimbo ni rahisi. Tarakimu sita hugawanywa jozi tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, na kila jozi ni namba ya kizio cha 16, kuanzia 0 hadi 255. Hivyo #00A3DD ni 0, 163 na 221. Ugumu unaanzia hapo. Jozi hizo huzaa rangi 16,777,216, ilhali CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, ina majina 148, na hata hayo yamejirudia: aqua na cyan ni rangi moja, fuchsia na magenta vilevile, na kila gray ina pacha wake grey. Rangi halisi ni 139. Karibu kila msimbo, basi, hauna jina lake, na programu hulazimika kumtafuta jirani.

Wengi hupima ujirani huo kwa kanuni ya Pythagoras juu ya namba zile tatu. Tuijaribu kwa #00A3DD, bluu inayotumiwa sana katika michoro ya kompyuta ya bendera ya Tanzania. Umbali wake hadi deepskyblue ni 44.0, hadi darkturquoise, yaani feruzi iliyokolea, ni 44.6. Karibu sare! Lakini nani aliyewahi kuitazama bendera ile akaona feruzi? Namba zile tatu hupima mwanga wa skrini, na jicho lina vipimo vyake.

Ndiyo maana mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, ilitoa mfumo wa CIELAB, unaopima ung'avu, kisha mhimili wa kijani na nyekundu, kisha wa bluu na manjano. Ndani yake, deepskyblue iko umbali wa takriban 11, na darkturquoise 38. Shaka imekwisha, kwa mistari michache tu ya programu.

Inabaki orodha yenyewe. Ile ya CSS imeunganisha majina ya HTML na ya mfumo wa X11, ndiyo sababu darkgray (169) inang'aa kuliko gray (128). Kumtafsiria mnunuzi wetu orodha hiyo neno kwa neno ni kumpotosha. Mwaka 2010 mchora vibonzo Randall Munroe alichapisha majina 954 yaliyotokana na kuwaonyesha watu rangi na kuwauliza wanaziitaje. Njia hiyo naiamini. Twende kwa mafundi cherehani na wauza vitambaa, tuwaonyeshe rangi, tuandike wanavyosema: samawati, zambarau, hudhurungi, damu ya mzee. Kila jina lipewe misimbo kadhaa ya mfano, maana hakuna zambarau moja.

Na jirani wa karibu akiwa mbali mno, programu isilazimishe jina. Iseme "bluu iliyokolea" au "kijani iliyopauka", na msimbo ubaki pembeni kwa anayeuhitaji. Kikomo cha umbali huo ndicho ninachopendekeza tukipime pamoja katika kipindi cha vitendo, tukiwa na watumiaji wasioona mezani petu.