Mwekezaji Naye Anaangalia Korti



Kila tukidai haki tunaambiwa tunafukuza wawekezaji. Haya, leo tuiongee hoja hiyo yenyewe.

Wengi wenu mnaamka saa 11 alfajiri kwenda viwanda vya EPZ pale Athi River. Kwa miaka mingi nguo za huko ziliingia Marekani bila ushuru kupitia AGOA, sheria ya mwaka 2000. Lakini sheria hiyo iliwekewa masharti: nchi iheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu.

Majirani wetu wameonja. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020, na Marekani ikatangaza kuiondoa Ethiopia kuanzia 1 Januari 2022. Hata tarehe haijafika, kampuni ya PVH ikatangaza inafunga kiwanda chake cha Hawassa. Aliyepoteza kazi si jenerali, ni mshonaji kama wewe. Uganda nayo ikaondolewa Januari 2024.

Turudi kwetu. Tarehe 19 Agosti 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, watu watatu walitekwa hapa Kitengela. Korti ikamwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aje aeleze waliko. Hakutokea. Tarehe 13 Septemba akahukumiwa miezi 6 kwa kuidharau korti. Wiki moja baadaye, wale watatu wakaachiliwa. Hukumu yenyewe iliondolewa alipofika na kuomba msamaha.

Sasa chukulia wewe ndiye unataka kujenga kiwanda huku. Pesa yako inalindwa na nini? Ni mkataba na hatimiliki ya shamba. Zikiletwa ubishi, unakimbilia korti ile ile. Kama amri yake inapuuzwa wakati uhai wa mtu uko hatarini, itatiiwa kwa ajili ya karatasi ya kiwanja?

Sikatai, duka likiporwa au barabara ikifungwa, mwekezaji anaogopa pia. Ndio maana tunasema tuandamane kwa amani. Lakini fujo ya siku moja husafishwa. Serikali isiyosikia korti, hiyo hesabu haina mwisho.

Kwa hivyo ukiambiwa unyamaze usifukuze wawekezaji, muulize anayekuambia: korti ikitoa amri leo, itafuatwa? Na siku ya kesi, njoo uketi ndani ya korti. Wakikuona umejaa pale, wanajua kuna watu wanahesabu.