SI UZEE TU: TUUJUE MOYO WA MZEE

(Maongezi kwa wahudumu wa kujitolea na familia zinazotunza wazee)

Nimeombwa niongee juu ya wazee wetu na ugonjwa wa moyo. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, natembelea watu manyumbani, kwa hivyo nitaongea zaidi juu ya yale yanayotokea mzee akishatoka kliniki na mfuko wake wa dawa.

Kuna neno ninalolisikia katika kila boma, kuanzia Nkubu hadi Kyeni: "Ni uzee tu." Nyanya anapumzika mara tatu akipanda kutoka mtoni, ni uzee tu. Babu siku hizi analala ameketi kwa kiti, ni uzee tu. Miguu imefura, viatu haviingii, ni uzee. Sasa, mengine hapo ni uzee kweli, na mengine ni ugonjwa ambao una dawa. Tusipoyatenganisha tunamzika mtu ambaye angekuwa bado na sisi.

Uzee wenyewe hufanya hivi. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja. Mishipa ya damu, ambayo ujanani hunyumbulika, hukakamaa kama mpira wa maji uliokaa juani miaka mingi. Damu ikisukumwa ndani ya mshipa mgumu, presha inapanda, hasa ile namba ya juu. Ile ya chini inaweza hata kushuka. Moyo nao, kwa kusukuma kwa nguvu, huota ukuta mnene na huchelewa kulegea ili ujae damu tena. Na hata mzee akikimbizwa na ng'ombe, moyo wake hauwezi kupiga kasi kama wa kijana. Kwa hivyo kupumzika kwenye mlima, hiyo ni haki yake. Msimwite mvivu.

Lakini kama akilala chali anakosa pumzi, na mto mmoja umekuwa mitatu. Kama ukibonyeza mguu wake kwa kidole gumba shimo linabaki. Kama uzito unapanda kwa siku chache na chakula hali, huo si uzee. Mara nyingi ni moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri na maji yanabaki mwilini. Tena jueni hili: moyo wa mzee unaweza kushikwa bila yale maumivu ya kifua tunayoyasikia. Anaishiwa nguvu ghafla, anatoka jasho, anakosa pumzi, au anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Watu wanasema amezeeka akili. Akilini alikuwa sawa jana! Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje asubuhi.

Na huku kwetu moyo hauchoki kwa wazee peke yao. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kutangazwa mwaka wa 2012, ulionyesha kwamba wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa walikuwa na wastani wa miaka 52 hivi, na sababu kubwa ilikuwa presha. Huko Ulaya wagonjwa kama hao wengi wamepita 70. Uchunguzi wa serikali yetu wa mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa hata siku moja. Presha haiumi, ndiyo shida yake. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mwiteni aliye katika kijiji chenu, aingie nyumbani.

Sasa nije kwa dawa, maana hapo ndipo tunapoharibu. Dawa ya malaria unameza siku tatu, umemaliza. Dawa ya presha haina kumaliza. Mzee akijisikia vizuri anaiacha, kumbe alijisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Wacha nieleze jambo ninaloliona mara kwa mara. Mzee amepewa dawa ya kuondoa maji, inayomfanya akojoe. Siku ya kliniki ana safari ya matatu ya saa moja na nusu. Ataomba dereva asimame mara ngapi? Mzee mwenye heshima zake? Basi haimezi asubuhi hiyo, na hasemi. Kule kliniki presha inapimwa, iko juu. Daktari anafikiri dawa haitoshi, anaongeza. Mzee anarudi nyumbani anameza zote, ya zamani na mpya. Usiku anainuka kwenda choo cha nje, kizunguzungu kinamshika kwa sababu presha imeshuka sana, anaanguka, anavunjika nyonga. Hapo nani amekosa? Hakuna aliyesema uongo, ila ukweli ulibaki njiani.

Ndiyo maana naomba kila mzee awe na mtu mmoja, si lazima awe kifungua mimba au aliye Nairobi anayetuma pesa, bali yule anayeishi naye, wa kwenda naye kliniki akisema ukweli wote. Aulize kama dawa ya maji inaweza kumezwa baada ya kufika nyumbani siku ya safari. Aombe presha ipimwe mzee akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama. Usiku mzee aketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, na kama inawezekana awekewe ndoo chumbani. Si aibu.

Tena figo za mzee huchuja pole pole, kwa hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko kwa kijana. Daktari akianza na dozi ndogo, si kwamba anamdharau.

Adui mwingine yuko dukani. Magoti ya mtu aliyechuma majani chai miaka 40 yanauma, hilo najua. Lakini diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku, huzuia maji mwilini, hupandisha presha na kuumiza figo. Mzee anatibiwa moyo kwa mkono mmoja na kuharibiwa kwa mkono wa pili. Mwambieni daktari juu ya magoti, kuna dawa nyingine.

Nitasema pia juu ya miraa na muguka, ingawa najua wengine hapa ndizo zimesomesha watoto wenu. Sikatazi mtu kuuza. Lakini hizo huharakisha moyo na kupandisha presha, na aliyeambiwa ana ugonjwa wa moyo aache kutafuna. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, tukihesabu ile iliyopikiwa ndani.

Kuhusu malipo: NHIF iliisha, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Mzazi hahesabiwi ndani ya familia ya mtoto wake, anajiandikisha mwenyewe. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Mwenye miaka 70 na zaidi aliye kwenye Inua Jamii hupata 2,000 kwa mwezi, na hizo ndizo unga, sabuni na mafuta. Watoto wakichanga hiyo ya SHA, mzee hatauza mbuzi ili alazwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na pia serikali. Imetaja wote wawili.

Sasa chai iko tayari. Mashine ya presha iko pale mezani. Wazee waketi dakika tano kwanza, maana wengine wametoka tu kupanda mlima. Na wale wamebeba dawa zao kwa mfuko kama tulivyoomba, mleteni muuguzi karibu, tuzimwage hapa tuzisome moja moja.